Masika ya Kumfuata Kipaza

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na Kipaza amekufa. Habari zote mbili zimenikuta mahali pamoja, kwenye meza ya unga, mikono imezama ndani ya donge. Kwanza bati lilianza kulia juu ya tanuri na wenzangu wakashangilia, maana joto lilikuwa limetumaliza. Kisha Tajiri, mwenye kiwanda chetu cha mikate, akaingia na hakumgombeza mtu yeyote. Tajiri haingii bila kugombeza.

"Dada, kaa kwanza."

Nikamwambia siwezi kukaa, donge litaharibika.

"Rafiki yako," akasema. "Ng'ambo. Jana alasiri. Amepigwa risasi."

Nililimaliza lile donge. Sijui kwa nini. Nililikata, nikalipima, nikalipanga kwenye trei, na mikate ikatoka mizuri tu, imepanda vizuri, kama vile hakuna kilichotokea duniani.

Jumanne, 5 Machi

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Wa kumwambia alikuwa yeye.

Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Jina la Kipaza tulimpa siku zile zile, maana akinong'ona darasani, mwalimu wa darasa la pili, nyuma ya ukuta, alikuwa anamjibu. Alisomea uuguzi. Vita ilipofika mtoni na daraja likafungwa, mji wetu ukabaki huku na mji wa ng'ambo ukabaki kwa wenye bunduki wengine, wakati zamani tulikuwa tunavuka kwenda kununua sabuni tu. Mjamzito mmoja akafia kwenye kizuizi, mbele ya macho ya Kipaza, huku askari wakibishana juu ya kibali chake. Kesho yake Kipaza alisimama darajani na kinamama wachache akapaza sauti ile. Hakunyamaza tena. Walimfunga, wakamwachia, wakamfunga tena. Akitoka anakuja moja kwa moja kiwandani, anachukua mkate wa moto, anasema, "Huko ndani mikate yenu inafika mikavu kama tofali. Jitahidini."

Wiki iliyopita alivuka kwa mtumbwi. Alitaka kuonana na kinamama wa upande ule wakubaliane jambo moja: siku wakubwa watakapotia saini ya amani, kinamama wa pande mbili wakutane katikati ya daraja. "Wao watashika kalamu," aliniambia, "sisi tutashikana mikono. Tuone ipi itadumu."

Redio ya kwetu inasema waliomuua ni wale. Redio ya wale inasema waliomuua ni wetu. Kila upande una risasi, na hakuna upande wenye muuaji.

Jumatano, 6 Machi

Nimeshinda kwa Mama. Ni mama yake Kipaza, ila nami sijawahi kumwita jina lingine. Amekaa kwenye kitanda cha mwanawe, miguu haifiki chini. Halii. Kila anayeingia kumpa pole anamwambia neno hilo hilo: "Nileteeni mwanangu."

Mwenyekiti wa mtaa amekuja na turubai, viti vya plastiki na hotuba. Mwezi wa kwanza mwanamume huyu alisimama mkutanoni akamwita Kipaza mchochezi anayetuletea mabomu. Leo amemwita shujaa wetu, akakohoa, akafuta jicho ambalo halikuwa na chozi. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Nyumbani mume wangu akasema, taratibu, bila ubaya, "Lakini aliyataka mwenyewe." Nimechukua shuka langu nikahamia kwa watoto.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Baridi. Donge haliumuki.

Jumamosi, 9 Machi

Wametia saini. Nilisikia honi kwanza, kisha vifijo, kisha mtoto wa jirani akapita na sufuria kichwani anaruka kwenye madimbwi, "Vita imeisha! Vita imeisha!" Watu waliofunga maduka wiki nzima wameyafungua ili wacheze mbele yake. Mimi nilikuwa nampikia Mama uji. Akauliza kelele ni za nini.

"Amani, Mama. Wamekubaliana."

Alishuka kitandani. Tangu Jumatatu ndiyo mara ya kwanza kumwona amesimama. Akafungua sanduku lake, akatoa shuka jeupe jipya, akanipa.

"Basi njia imefunguka. Nendeni mkamlete."

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda darajani na shuka mkobani. Askari kijana, kofia imemzidi kichwa, akasoma kitambulisho changu akanirudishia.

"Hupiti, mama."

"Amani imesainiwa. Umesikia mwenyewe."

"Imesainiwa huko juu," akasema. "Huku chini hatujapata amri."

Hakuwa amesema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini maji hayatoki bombani.

Alhamisi, 14 Machi

Ofisi ya wilaya: njoo kesho. Hospitali ya huku: si jukumu letu. Mwenyekiti: kamati itakaa. Viatu vyangu havijakauka tangu Jumatatu.

Jumapili, 17 Machi

Milio ng'ambo tangu asubuhi. Redio inasema mkataba unaheshimiwa.

Alhamisi, 21 Machi

Nimegombana na Tajiri mbele ya watu. Alikuwa anapakia mikate ya kambi ya jeshi kwenye gari, anahesabu trei huku anapiga mluzi. Mluzi ndio ulionichoma.

"Unawalisha waliomuua," nikamwambia.

Akageuka. "Una hakika ni hawa?"

"Kama si wao, basi unawalisha waliomwacha auawe."

Wenzangu wakaacha kukanda, tanuri tu likawa linavuma. Nikajua kazi imekwisha. Tajiri akafunga mlango wa gari polepole.

"Mimi nalisha anayenunua," akasema. "Na wewe unakula kwa huyo huyo anayenunua. Rudi kazini."

Nimerudi kazini. Nilikanda kwa hasira mpaka bega likaniuma. Nimemchukia mtu huyu kuliko nilivyowahi kumchukia yeyote, na kesho alfajiri nitamwamkia kama kawaida.

Ijumaa, 29 Machi

Hali ya Mama si nzuri. Ameacha uji. Amehamia kwenye kizingiti, anaangalia njia ya mtoni, na mvua inamrukia miguuni.

"Inamnyeshea," ananiambia.

"Hapana, Mama. Yuko hospitali ya kule, ndani, chumba cha maiti."

Akanitazama. "Umeme wanao?"

Sikuwa nimewaza hilo. Nikasema wanao, Mama.

Jumanne, 2 Aprili

Kinamama waliokuwa wakisimama na Kipaza wamepungua. Leo nimepita nyumba ya mmoja wao kumwomba tuandamane mpaka wilayani. Alinisikiliza huku anapepeta mchele. Akasema, "Shoga, mimi nina watoto." Sikumlaumu. Nilitamani kumlaumu.

Jumatano, 3 Aprili

Jioni, nilipokuwa nakosha trei, Tajiri akaja akasimama kando yangu. Hakunitazama.

"Kesho navuka na mikate. Nimeongea na mkubwa wa kambi, na mkubwa wao ng'ambo naye anataka mikate. Wametupa mpaka saa kumi jioni. Chukua shuka la mama yake. Sepetu ninayo, kama wamekwisha kumzika."

Sabuni ilikuwa imenijaa mikononi. Nikauliza ameongea nao tangu lini.

"Tangu Jumatatu ile nilipokuletea habari. Unafikiri nilikuwa napeleka mikate kambini kwa raha zangu?" Kisha, kwa sababu si mtu wa kudanganya, akaongeza, "Na pia wananunua."

Mume wangu alikataa. Alisema maneno mengi, kisha akabaki na moja: "Usiporudi, watoto nitawaambia nini?" Naongeza haya Alhamisi alfajiri. Tulilala bila kusemezana. Alfajiri hii nimekuta koti lake la mvua juu ya viatu vyangu, na viatu vimekaushwa kwenye jiko. Yeye ameshatoka kwenda kibaruani ili asinione naondoka.

Alhamisi, 4 Aprili

Nitaandika yote.

Daraja lina mashimo yanayokuonyesha maji chini. Tajiri aliendesha amekunja uso, hakupiga mluzi. Kila kizuizi kilitaka mikate: kwanza wetu, kisha wa kati ambao sikujua ni wa nani, kisha wao. Wote waliipokea namna moja, wanabonyeza kwa kidole kuona kama ni laini.

Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia watu wa ng'ambo. Nilijiandaa njia nzima. Halafu nikaona mwanamke anasukuma maji nje ya sebule yake kwa ufagio, amefunga khanga kifuani, anaisema mvua kama sisi tunavyoisema. Nikakosa pa kuanzia.

Hospitalini hakuna umeme tangu mwezi wa pili. Mhudumu wa chumba cha maiti, mzee mwenye sauti ya chini, alifungua mlango atuonyeshe. Chumba kitupu, kimefagiliwa.

"Hatukuweza kuwaweka," alisema. "Waliokuwa na watu walichukuliwa na watu wao. Huyo wenu alichukuliwa na kinamama. Muulizeni Mama Cherehani, nyumba ya nne nyuma ya shule. Isiyo na mlango."

Kweli haikuwa na mlango. Pazia tu, limelowa chini. Ndani mwanamke mnene wa makamo alikuwa anashona sare za shule, shule ambayo imefungwa. Nilipotaja jina la Kipaza aliondoa mguu kwenye cherehani, akasimama, akanishika uso kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye wa mikate," akasema.

Nililia hapo. Mwezi mzima sikulia, nikalia begani kwa mtu nisiyemjua.

Kipaza alikuwa amefikia kwake. Mwana wa pekee wa Mama Cherehani amechukuliwa na wenye bunduki tangu mwaka jana, wa upande wao wenyewe, na Kipaza alimwahidi kumtafutia habari zake. Walishapata kinamama wengi wa kwenda darajani. Jumapili ile Kipaza alitoka kwenda dukani. Risasi zilianza, zikaisha, watu wakatoka, naye alikuwa amelala kwenye makutano ya barabara.

"Nani alipiga?" Tajiri akauliza.

"Baba, mimi nilikuwa naangalia aliyeanguka."

Mama Cherehani na majirani wawili ndio waliomwosha. Mbao za jeneza hazikupatikana kwa bei yoyote, mafundi wamekimbia. Ndipo akang'oa mlango wake, na wa chumbani, fundi mmoja mzee akaunganisha.

Akatupeleka. Kaburi liko ukingoni mwa uwanja wa shule, pamoja na mengine mengi mapya. Wamelifunika kwa bati na kuweka mawe juu ili mvua isile udongo. Tajiri akashusha sepetu akanitazama. Mama Cherehani akasema, "Ni wenu. Mkitaka kumchukua nitashika jembe."

Nikasema tuchimbe. Nilimwona Mama kizingitini, nikasema tuchimbe. Tulipochimba mpaka magotini maji yakaanza kujaa shimoni, ya rangi ya chai. Tukayachota, yakarudi. Kingo zikawa zinamong'onyoka kuelekea kaburi la jirani, la mtu mwingine mwenye mama mwingine. Kutoka upande wa soko milio ikaanza, miwili mitatu, kisha mingi. Ilikuwa imekaribia saa kumi.

"Basi," nikasema.

Tajiri hakusikia, au hakutaka. Aliendelea kuchota, analia mdomo wazi kama mtoto, matope mpaka kwenye nywele. Ilibidi nimshike mkono. Tukarudisha udongo wote. Shuka nililikunjua, nikalitandaza juu ya kaburi chini ya bati, tukapanga mawe upya.

Mama Cherehani alinipa namba yake ya simu. "Mama yake akitaka kuniuliza lolote. Hata kunitukana."

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemwambia Mama. Nilipiga magoti nikamweleza kila kitu mpaka mwisho. Alisikiliza, kisha akasema, "Ulimfikia ukamwacha," akageukia ukutani.

Jumatatu, 8 Aprili

Mwenyekiti amepata wazo. Jeneza litengenezwe hata kama ni tupu, aje mgeni rasmi, kuwe na mazishi ya heshima. Mama, ambaye kwangu hajatamka neno, alimjibu yeye: "Lijaze hotuba zako, ukalizike kwako." Mwenyekiti ameondoa viti vyake.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimepeleka mkate. Mama ameupokea bila kunitazama. Haongei nami.

Jumanne, 16 Aprili

Vilevile.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nilipoingia Mama alikuwa amevaa nguo safi, amekaa wima.

"Mpigie huyo mwanamke."

Nikampigia, nikaweka sauti kubwa, nikaweka simu kwenye godoro kati yetu. Wote wawili wakawa wanapumua.

"Wewe ndiye uliyemwosha mwanangu?" Mama akauliza.

"Ndiyo, dada yangu."

"Maji yalikuwa ya baridi?"

"Nilipasha. Kuni zilikuwa mbichi lakini nilipasha."

"Aliumia wapi?"

"Hapa kifuani, dada. Mahali pamoja tu. Usoni hakuguswa. Uso ulikuwa wake."

Mama akaweka kiganja kifuani kwake, akakiacha hapo.

"Nywele zake?"

"Alikuwa amefumua nusu, nusu bado. Nilimalizia kufumua, nikazichana, nikamsuka mistari mitano ya kurudi nyuma. Sikujua anavyopenda."

"Hivyo hivyo," Mama akasema. "Hivyo hivyo alikuwa anapenda." Nami najua Kipaza alichukia mistari ya kurudi nyuma, alisema inamfanya kichwa kiwe kama boga.

"Alikuwa anakwenda wapi?"

Mama Cherehani akasema, "Kununua chumvi. Alionja mchuzi wangu akasema, kwa sauti ile, mtaa mzima ukasikia, kwamba kama tunapika hivi basi hata amani ikija hatutaisikia ladha yake."

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla kama kikohozi, kikamshangaza mwenyewe. "Ndiye! Ndiye huyo! Hata mimi alinitukania chakula mpaka nikamwambia apike yeye!" Na ng'ambo ya mto yule mwingine naye akawa anacheka, kisha wakalia wote, kila mmoja na upande wake wa simu, mimi nimekaa katikati nimeshika ukingo wa godoro.

Baadaye Mama amekula. Amenishika kichwa akanivuta mapajani mwake.

Ijumaa, 26 Aprili

Wanapigiana kila siku. Mama ananunua salio kuliko unga. Wanaulizana mvua, miguu, bei ya mafuta. Kila siku, kabla ya kukata, Mama anauliza, "Mwanao?" na kila siku jibu ni, "Bado, dada." Wananong'ona kama wasichana. Mume wangu ameanza kupita jioni kumtengenezea Mama paa. Amepanda juu kwenye mvua na misumari mdomoni. Nimerudi chumbani kwetu.

Alhamisi, 2 Mei

Magari ya jeshi yanapita kwenda mtoni tangu asubuhi. Tajiri amesema tupunguze donge. Hajasema kwa nini.

Jumatatu, 6 Mei

Imeanza tena. Redio yetu inasema wale wamevunja mkataba. Sijasikiliza yao inasemaje, naijua. Daraja limepigwa katikati. Gari la Tajiri limechukuliwa na jeshi, na yeye amekaa juu ya gunia la unga mchana kutwa, anaitazama nafasi ambapo huwa analiegesha.

Mama Cherehani alipokea tulipompigia mara ya tatu. Kelele zilikuwa nyingi, ilibidi apige ukelele.

"Niko chini ya meza, dada! Pazia halizuii kitu, nimesukuma kabati pale mlangoni!"

Mama alinitazama. Nilimwona akifikiri, na nikaona alipofika: kwenye mlango uliozikwa na mwanawe.

"Kimbia!" akapiga kelele kwenye simu. "Toka humo ukimbie!"

"Nikimbie, mwanangu akirudi atanikuta wapi?"

Kukawa na kishindo, na simu ikakatika.

Jumanne, 7 Mei

Haipatikani.

Jumatano, 8 Mei

Haipatikani. Watu wanavuka kwa mitumbwi, wengine wanaogelea na watoto mgongoni. Nimekwenda ukingoni nikauliza kila mwanamke: mnene, wa makamo, mshona sare, nyuma ya shule. Mmoja alimjua. Alisema mtaa ule hakuona mtu akitoka.

Ijumaa, 10 Mei

Haipatikani. Yule mwanamke aliyeniambia ana watoto amekuja ukingoni na sufuria ya chai. Tumegawa chai na mikate.

Jumatatu, 13 Mei

Haipatikani.

Alhamisi, 16 Mei

Kule ng'ambo kumekuwa kimya tangu jana. Hakuna anayejua kama ni kimya cha amani au cha kumaliza watu. Redio zote mbili zinapiga muziki.

Nimepita kwa Mama baada ya kazi. Alikuwa kitandani kwa Kipaza, simu mapajani, kioo chake kimezimika. Nilimpa chai, nikakaa kando yake. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Nilidhani amesinzia.

"Mwanangu," akasema.

"Naam, Mama."

"Na yeye akifa, ataoshwa na nani?"

Nikachukua simu mapajani mwake, nikampigia tena.